Kitwitwi wa Shemeji Wilf

Katika kibanda cha kutazamia ndege, kando ya ziwa la Ashmere, kuna maswali mawili tu. Mtu akisema ameona ndege, wenzake wakimwamini humuuliza, "Wapi?" Wasipomwamini humuuliza, "Una uhakika?" La kwanza huulizwa darubini ikiwa imeshafika machoni. La pili huulizwa kikombe cha chai kikiwa bado mkononi. Anayeelekezwa husikiliza mpaka aseme "Nimempata", na neno hilo haliruhusiwi kusemwa na mtu ambaye hajampata. Hakuna aliyeyaandika haya popote. Tumeyakuta, na tutayaacha.

Shemeji yangu Wilf Thurlow alikuwa ameulizwa lile la pili tangu zamani sana, tangu nywele zake zilipokuwa bado nyingi.

Ni shemeji kwa sababu alimwoa dada yangu Enid. Enid tulimzika, lakini ushemeji hauzikwi, na isitoshe goti la Wilf lilikuwa limekataa kukanyaga klachi. Kwa hiyo kila Alhamisi nilimpitia kwake kwa gari langu, na kila Alhamisi aliniambia ninaendesha vibaya, tukaenda kutazama ndege.

Alhamisi ninayoisimulia ilikuwa ya mwisho. Ilikuwa Oktoba, mbayuwayu wameshaondoka kwenda kwenye jua kama watu wenye akili, na Jumamosi lilikuwa linakuja lori kuchukua vitu vya Wilf kuvipeleka Birmingham. Binti yake Lorna alikuwa amemtafutia chumba nyumbani kwake, karibu na mfereji wa kupitishia mashua. Lorna alimhakikishia kwamba ndege wapo. Wilf akauliza ndege gani. Lorna akasema, "Wa kawaida tu, baba. Bata." Wilf akamshukuru.

"Leo unataka nini, shemeji?" nilimuuliza tukiwa njiani. Nilikuwa na maana ya chakula cha mchana.

Akatazama dirishani. Mashamba yalikuwa yamevunwa na mvua ilikuwa inakuja kwa ubavu.

"Nataka waniulize 'wapi'," akasema. "Mara moja tu. Halafu niende zangu nikakae na hao bata."

Nikamwambia afunge mkanda vizuri.

Kisa chake kila mtu anakijua. Aliwahi kuona korongo wa zambarau, ndege wa nchi za joto ambaye huku kwetu hafiki ila kwa kupotea. Akapiga simu kwa watu wote, kama inavyotakiwa. Ilikuwa siku ambayo Rodney Mobbs alikuwa anamwoza binti yake. Rodney aliondoka karamuni kabla keki haijakatwa, akaja na suti yake na ua kifuani, akasimama kwenye mvua mpaka giza likaingia. Korongo hakuonekana. Enid alikuwepo Wilf alipomwona, lakini alikuwa ndani ya gari amelala. Mpaka anakufa Enid alisema, "Mimi namwamini, na sikumwona," na ushahidi wa namna hiyo haumfikishi mtu mbali.

Baadaye akaona mwingine, aina nyingine, na huyo pia hakuna aliyemwona isipokuwa yeye. Wawili wanatosha. Rodney akampa jina la Nabii, kwa kuwa anaoneshwa wasiyooneshwa wengine, na jina likamganda. La kuvunda halina ubani.

Msidhani hili ni jambo dogo. Watu wa huku watakusamehe ukimwacha mkeo, watakusamehe ukilewa mazikoni, watakusamehe hata chama unachokipigia kura. Lakini ukisema umeona ndege ambaye hukumwona, watakuja kukuzika kwa heshima zote na watakaa viti vya nyuma.

Mimi nilikuwa kinyume chake. Nasema bila kujisifu. Haya, nasema kwa kujisifu kidogo. Sisemi ovyo. Nikisema ndege, basi ni huyo, na hapakuwa na mtu Ashmere aliyewahi kuniuliza kama nina uhakika. Sina mume, sina watoto, nyumba yangu inavuja upande wa jikoni. Neno langu ndilo lilikuwa mali yangu.

Upepo ulikuwa umevuma kutoka magharibi tangu mwanzo wa juma, na upepo huo ukishika kasi hututupia vitwitwi wa Marekani, vindege vya topeni ambavyo vilikuwa vinakwenda kwao kusini vikajikuta vimevuka bahari nzima bila kupanga. Kila mtu alilijua hilo, kwa hiyo kibanda kilikuwa kimejaa. Tulikuwa wanne. Kwa Alhamisi, huo ni umati.

Hilary Garrod alikaa dirisha la kati. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, na sasa ni mwenyekiti wa kamati ya ndege ya wilaya. Kamati hiyo ikisema ndege hakuwepo, basi hakuwepo, hata kama alikunyea kofia. Rodney alikaa kulia kwake na darubini yenye miguu mitatu, iliyomgharimu zaidi kuliko gari lake, na ukiliona gari lake utaamini. Wilf alikaa kona ya kushoto, ambako nguzo inakata nusu ya ziwa. Hakuna aliyempangia kukaa pale.

"Nabii!" Rodney alimpokea. "Leo umetuletea nini? Mbuni?"

"Keki," akasema Wilf.

"Umeiona kwa macho, au umeoteshwa?"

"Ina zabibu kavu."

"Rodney, sauti," akasema Hilary bila kugeuka. Kisha akaninyooshea kalamu, akasema, "Thelma ameniambia unahamia Birmingham, Wilf." Alilitamka jina la mji ule kama anavyotamka mtu jina la ugonjwa wa jirani. "Pole."

"Kuna mfereji," akasema Wilf.

"Nasikia."

Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe ya kumuaga.

Asubuhi ikapita kama asubuhi zinavyopita kule. Mvua ilikuja, ikaondoka, ikarudi kuchukua ilichosahau. Palikuwa na bata wa aina zao, na korongo mmoja wa kijivu aliyesimama pembeni mwa matete kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Topeni vitwitwi wa kawaida walikuwa wanakimbia huku na huko wakichokoa, na sisi tuliwachambua mmoja mmoja tukitafuta asiyefanana na wenzake. Ni kazi ya kuchambua mchele, ila mchele unatembea. Huyo Mmarekani tuliyekuwa tunamtaka akiwa amesimama anafanana nao kabisa. Anachozidi ni kiuno cheupe, na kiuno hicho hukionyesha anaporuka tu.

Saa ya chai ilipofika nikainuka. Kuna rafu nyuma ya kibanda tunapoweka chupa za chai, kwa hiyo anayemimina chai anawapa mgongo ndege na watu. Nilimimina kikombe cha Hilary, nikamimina cha Rodney, nikampa Wilf chake.

"Vijiko vingapi, shemeji?"

Najua ni vitatu tangu siku alipokuja kumposa Enid. Lakini daktari alikuwa amemkataza, na mimi huuliza ili nimpe nafasi ya kutubu.

"Vitatu," akasema.

Nikainama kwenye mfuko kutafuta sukari. Mfuko wangu una mambo mengi.

"Kipanga!" akapiga kelele Rodney.

"Wapi?" akasema Hilary.

"Juu ya kile kinu cha upepo cha zamani, anashuka, anashuka!"

Nikasikia mabawa. Kipanga akija, ziwa zima huruka kwa mpigo, na sauti yake unaisikia hata ukiwa umeingiza kichwa mfukoni. Nikasikia Hilary akisema, "Nimempata." Nikaipata sukari. Na hapo hapo nikasikia sauti ya Wilf, ya chini, ya mtu anayesoma kitu kwa mbali.

"Kitwitwi. Kiuno cheupe. Yuko na wale wadogo, kushoto... kushoto... amekwenda nyuma ya matete. Basi."

Kipanga, nadhani, alikuwa ameshakosa windo lake na kwenda zake.

"Una uhakika?" akauliza Hilary.

Darubini yake ilikuwa bado juu, na hakuigeuza.

"Ninao," akasema Wilf. "Cheupe chote, mpaka mkiani. Mabawa marefu. Nimemwona alipoinuka na nimemwona alipogeuka."

"Na sisi wengine tulikuwa wapi?" akauliza Rodney.

"Mlikuwa mnamtazama kipanga."

"Kila mwenye akili alimtazama kipanga!"

"Ndiyo," akasema Wilf. "Mimi nilitazama aliowarusha."

Hilo lilikuwa jibu zuri na Rodney alijua ni zuri, kwa hiyo akakasirika.

"Sikiliza, Nabii. Mwenye macho haambiwi tazama, sawa. Lakini macho yako wewe yana bahati ya ajabu. Kila yanapoona, ya wenzako yako kwingine. Siku ile yangu yalikuwa harusini. Leo yako mbinguni. Kesho utaona tausi nikiwa chooni."

"Rodney," akasema Hilary.

"Nauliza tu!"

Hilary akashusha darubini. Akachukua kalamu, akaishika bila kuandika. "Kuna mwingine aliyemwona?" akauliza.

Aliliuliza kwa haki. Hawezi kuuliza vinginevyo, ndiyo kanuni. Nami nikamtazama Wilf, au tuseme nilimtazama kisogo, kwa maana alikuwa amegeukia dirisha lake la nguzo kana kwamba jambo lenyewe halimhusu. Koti lake lina kifungo kimoja ambacho Enid alikishona kwa uzi mwekundu kwa sababu mweusi ulikuwa umekwisha, na alisema atakishona upya. Lori lilikuwa linakuja Jumamosi. Roho iliniuma mpaka nikakosa pa kuiweka.

"Mimi nimemwona," nikasema.

Wote wakageuka. Rodney akaweka kikombe chini.

"Wapi?" akasema Hilary.

Mnaona? Hapo hapo, bila kuvuta pumzi. Kwangu ilikuwa "wapi".

"Kushoto," nikasema. "Na wale wadogo. Kiuno cheupe. Amekwenda nyuma ya matete." Yote niliyasema kama nilivyoyasikia, kwa mpangilio ule ule, na kila shahidi wa uongo tangu dunia iumbwe amefanya hivyo hivyo.

Hilary akaanza kuandika. Rodney akasema, "Haya, kama ni Thelma..." na akaacha hapo, na kuacha kwake kulikuwa na adabu fulani ambayo sijawahi kumwona nayo. Jambo lilikuwa limekwisha. Wilf alikuwa amepata kitwitwi wake, na jina lake lingesafishwa, na angekwenda kwa bata wa Birmingham akiwa mtu kamili. Nilijisikia vizuri. Nilijisikia vizuri kwa muda wa mtu kuandika mstari mmoja.

"Hapana," akasema Wilf.

"Hapana nini?" akauliza Hilary.

"Thelma hakumwona."

"Shemeji, nyamaza," nikasema.

"Alikuwa ameinamia mfuko anatafuta sukari. Ameniuliza vijiko vingapi, nikamwambia vitatu, akainama. Alikuwa amewapa mgongo." Akanigeukia, na usoni hakuwa na hasira, alikuwa na haya, kama mtu anayelazimika kumwambia mgeni kwamba amekalia kofia. "Huwezi kumwona kitwitwi kwa mgongo, Thelma."

Hilary akanitazama. Najua sasa wale wasichana wa shule yake walivyokuwa wanajisikia.

"Thelma?"

Sukari ilikuwa bado mkononi mwangu.

"Nilikuwa natafuta sukari," nikasema.

Nje bata walikuwa wameanza kurudi majini, mmoja mmoja, wakilalamika. Masikio yalikuwa yananiwaka. Nilitaka kumpiga Wilf kwa chupa ya chai, na nasema kweli, niliipima uzito. Nilikuwa nimetoa mali yangu pekee nikampa, naye akanirudishia mbele za watu bila hata kuifunga kwenye karatasi.

Hilary akafuta alichoandika. Alikifuta polepole, akapuliza vumbi la kifutio.

"Unaelewa, Wilf, kwamba bila Thelma huna shahidi."

"Naelewa."

"Na kamati haiwezi kumpokea ndege wa shahidi mmoja. Si wa aina hii."

"Naelewa. Lakini hakumwona."

Akageukia nguzo yake, akanywa chai isiyo na sukari, akakunja uso, akanywa tena. Alikuwa ameomba kitu kimoja, kikaletwa mpaka mezani, na yeye mwenyewe akakirudisha jikoni.

Rodney alikuwa bado anamtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, mdomo wazi kidogo, na nilijua anafikiri kwa sababu huwa hafanyi mambo mengine akifikiri. Kisha akaivuta darubini yake kubwa, akaizungusha taratibu, akaiacha inatazama kushoto. Akainamisha jicho.

"Wapi?" akasema.

Wilf akaendelea kunywa chai. Hakujua ni yeye anayeulizwa. Angejuaje?

"Wilf," akasema Rodney, bila kutoa jicho. "Nakuuliza wewe. Wapi?"

Wilf akaweka kikombe chini, kikakosa ubao, kikaanguka, chai ikamwagika kwenye viatu vya Hilary. Hilary hakuvitazama viatu. Alikuwa anasogea kwenye benchi.

"Huko nyuma ya nguzo huoni kitu," akamwambia. "Njoo ukae hapa."

Wilf akaenda akakaa dirisha la kati. "Yale matete marefu," akasema. "Upande wa kushoto kuna kigingi kimelala. Toka kwenye kigingi, shuka mpaka pale tope linapong'aa."

"Kigingi ninacho," akasema Rodney.

"Ninacho," akasema Hilary.

Nami nikachukua darubini yangu. Mahali palipobaki palikuwa nyuma ya nguzo, nikakaa hapo.

Tulimtafuta mpaka mwanga ukaisha. Hatukumwona. Hakuna aliyesema "Nimempata", na hakuna aliyetaka kulisema bure siku ile, mimi kuliko wote. Keki tuliila bila kuitazama, macho kwenye matete.

Kwenye maegesho Rodney alimsaidia Wilf kuingia garini, jambo ambalo lilichukua muda kwa sababu ya goti. Alipokwisha kufunga mlango akaufungua tena.

"Ile harusi," akasema. "Keki yenyewe haikuwa nzuri."

"Pole," akasema Wilf.

"Waliniwekea kipande, kilikuwa kikavu." Akafunga mlango, akaondoka.

Njiani Wilf hakusema ninaendesha vibaya. Tulipofika kwake akasema, "Usifanye hivyo tena, Thelma." Nikamwambia aende akalale, mjinga wee, nikalia mpaka kwangu.

Kamati ilipoketi ilimkataa yule kitwitwi. Hilary aliniambia yeye alisimama upande wa kumkubali, akashindwa. Aliniambia hivyo huku anatazama bata.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda peke yangu. Nilikaa nyuma ya nguzo; nilikuta mahali pengine pamejaa, au pamewekwa mifuko. Mchana hivi, matete yakatikisika kidogo pasipo upepo, nikamwona yule korongo wa kahawia anayejificha humo, ambaye mtu anaweza kumtafuta msimu mzima asimpate. Alinyoosha shingo juu na kujifanya tete.

"Korongo wa kahawia," nikasema.

Rodney alikuwa na kikombe mkononi. Aliniangalia, si kwa ubaya.

"Una uhakika?" akauliza.

Niliumia. Sitasema sikuumia. Ninao, nikasema, na Hilary akaitikia kwa kichwa, na wote wawili wakaendelea kutazama walichokuwa wanakitazama, mpaka korongo wangu akapiga hatua mbili nyuma na matete yakamfunika.

Jioni nikampigia Wilf simu. Alinieleza habari za chumba, na za Lorna, na za mfereji, ambao una bata. Nyuma yake nilisikia mabasi yakipita. Nilikuwa sijapanga kumwambia, lakini nikamwambia.

"Leo nimemwona yule wa kahawia."

Nikasikia akifunga dirisha.

"Wapi?" akasema.

Nikavuta kiti. "Ukiwa nyuma ya nguzo," nikasema, "kuna yale matete mafupi mbele ya kinu."

"Ninayo."

"Toka hapo nenda kulia, kuna tete moja limevunjika."

"Taratibu. Kulia kiasi gani?"

"Kidogo. Sasa shuka kwenye maji. Yuko hapo hapo, shingo juu. Umempata?"

Nikasikia anapumua. Nilimjua, alikuwa amefumba macho, na mtu yule hawezi kusema uongo hata akiwa amefumba macho.

"Bado sijampata," akasema. "Endelea."